Mbuga ya Corbett, Makao ya Chui Milia

Chui milia ni mnyama wa bara la Asia. Katika Afrika hayumo, na ndiyo sababu Kiswahili hakikumwekea jina lake mwenyewe, bali kilimpa jina la chui kikaliongezea milia. Watu wa Bara Hindi humwita bagh. Msomaji asidanganywe na jina: chui wa Afrika, dume lililokomaa, huwa na kilo 60 hivi, lakini dume la chui milia huweza kupita kilo 200, na nguvu zake ni za kumburuta fahali mzima hata ndani ya kichaka. Simba hukaa kwa jamaa. Huyu hukaa peke yake, isipokuwa jike mwenye watoto. Kila mmoja ana eneo lake, ambalo hulizunguka akiacha harufu yake mitini ili wengine wajue kwamba mahali pale pana mwenyewe. Tena milia ya mmoja hailingani na milia ya mwingine, kama vile alama za vidole vya wanadamu zisivyolingana. Jambo hilo la milia limeleta faida kubwa, kama itakavyoonekana hapa chini.

Katika India zimo hifadhi za chui milia zaidi ya hamsini, na iliyo maarufu kwa ukongwe ni ile ya Corbett. Iko kaskazini ya nchi, katika jimbo la Uttarakhand, chini ya milima ya Himalaya, mahali ambapo vilima vya mwisho hukutana na nchi tambarare. Ilianzishwa mwaka 1936, miaka kumi kabla ya Mbuga ya Nairobi, nayo ndiyo Mbuga ya Taifa ya kwanza katika Bara Hindi. Jina lake la kwanza lilikuwa Hailey, jina la Gavana wa siku zile. Baada ya uhuru ikaitwa Ramganga, kwa ajili ya mto upitao katikati yake. Kisha, muda si mrefu baada ya mwaka 1955, ikapewa jina lililo nalo hata leo, ambalo ni jina la mtu aliyezikwa Nyeri.

Jim Corbett alizaliwa Nainital mwaka 1875, akakulia katika vilima vya Kumaon, akijifunza njia za msitu tangu utoto. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ya reli na mizigo. Lakini katika mwaka 1907 aliombwa aende Champawat kumwua jike la chui milia ambalo, kwa hesabu iliyoandikwa, lilikuwa limekwisha kuua watu 436, kwanza katika nchi ya Nepal na halafu katika Kumaon. Watu wa vijiji walijifungia nyumbani. Mavuno yalikaa mashambani kwa kukosa wa kuyaingiza. Corbett alipomwua mnyama huyo alimfungua kinywa, akaona meno mawili makubwa ya upande wa kuume, la juu na la chini, yamevunjwa na risasi ya zamani. Mnyama mwenye kinywa cha namna hiyo hawezi tena kumshika ayala shingoni. Anatafuta kitoweo kisicho na mbio wala pembe, na mtu ndiye kitoweo hicho.

Hilo ndilo somo ambalo Corbett alilirudia katika vitabu vyake: kwamba chui milia mzima humkimbia mtu, na anayegeuka kula watu mara nyingi ni yule aliyejeruhiwa kwa bunduki, au aliyechomwa na miiba ya nungu hata mguu ukaoza, au aliyeishiwa na nguvu kwa uzee. Si kanuni isiyovunjika. Wako wanyama wazima walioua watu, hasa jike lenye watoto likishtuliwa kwa karibu vichakani. Walakini kanuni hiyo ilibadili fikira za watu wengi ambao kabla ya hapo walimhesabu chui milia kuwa ni adui wa kufutwa tu duniani.

Corbett mwenyewe aliacha kuwinda kwa ajili ya starehe. Siku zile alikuwako afisa wa misitu aitwaye F. W. Champion, ambaye alitega kamera kando ya njia za wanyama na kuvuta uzi njiani. Mnyama akiugusa uzi usiku, hujipiga picha mwenyewe. Corbett naye akashika kamera, akawa miongoni mwa watu waliosaidia kuchagua mipaka ya mbuga mpya. Mwaka 1947 alihamia Kenya pamoja na dada yake Maggie, wakakaa Nyeri katika ile nyumba ndogo ya Paxtu iliyokuwa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Mwezi wa Februari 1952 alikuwako Treetops pamoja na Binti Mfalme Elizabeth, usiku ule ambao Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza. Akafa Aprili 1955. Si jambo la kawaida kwa Serikali ya nchi iliyokwisha kujitawala kuipa mbuga jina la mtu wa utawala uliopita. Lakini watu wa Kumaon walimkumbuka kuwa ni mtu aliyekwenda kwa miguu alipoitwa, na kulala nje mahali ambapo wengine hawakuthubutu kutoka.

Mgeni atakaye kuiona mbuga hiyo huanzia Ramnagar, mji mdogo ambapo reli hukoma, kiasi cha kilomita 250 kutoka Delhi. Hawezi kuingia tu apendavyo. Mbuga imegawanywa sehemu, kila sehemu na lango lake, na idadi ya magari yaruhusiwayo kupita kila lango kwa siku ni ya kuhesabiwa. Kwa hiyo kibali hutafutwa mapema, na wengine hukikosa. Magari ni ya wazi, ya kuchukua wageni wachache pamoja na dereva, na lazima awemo kiongozi aliyeandikishwa. Safari ni mbili kwa siku: moja ya alfajiri, nyingine ya alasiri, na jua likitua kila gari liwe limekwisha kutoka. Hakuna kuzunguka usiku. Hakuna kushuka garini ila mahali palipotengwa, wala kumtupia mnyama chakula. Msitu ni wa miti mirefu iitwayo sal, inayosimama kwa karibu kama nguzo, na katikati yake mna mabonde ya mito ya mawe na mbuga pana za majani. Iliyo kubwa kabisa ni ile ya Dhikala kando ya mto Ramganga, ambako Serikali ina nyumba ya wageni ndani ya mbuga yenyewe. Alalaye huko husikia usiku kucha yale ambayo mchana atayatafuta kwa macho.

Wageni wengi huja wakidhani kwamba chui milia ataonekana kama simba wa nyika za Kenya, ambaye hulala mchana chini ya mti katika uwanda mtupu. Hukatishwa tamaa. Huku ni msitu, na milia ile yenye kung'aa katika picha hupotea kabisa katika majani makavu na vivuli vya mianzi. Mnyama aweza kuwa hatua thelathini na asionekane. Wako walioingia mara tatu au nne wakarudi bila kumwona. Kiongozi mwema hamtafuti kwa macho kwanza. Huwauliza wanyama wengine.

Asubuhi huanza na vumbi la barabara. Wayo wa chui milia ni mpana kuliko kiganja cha mtu, na hauna alama ya kucha, kwa sababu akitembea huzificha. Wayo wa dume huelekea kuwa wa mviringo. Wa jike huwa mwembamba na vidole vyake ni virefu kidogo. Ukiwa alama ya gurudumu la gari imepita juu ya wayo, mnyama alipita kabla ya gari. Ukiwa wayo umekanyaga juu ya alama ya gurudumu, alipita baadaye, na kiongozi ajuaye saa ya gari la kwanza hujua karibu saa ya mnyama.

Halafu dereva huzima mashine, na watu wote husikiliza. Katika msitu ule yumo ayala mwenye madoa meupe, aitwaye chital, ambaye hukaa makundi makubwa. Yumo pia kima wa kijivu mwenye uso mweusi na mkia mrefu, aitwaye langur. Hawa wawili wamefanya urafiki wa faida. Kima hukaa juu mtini akila majani na matunda, na mengi humwanguka. Ayala huyaokota chini. Kima ana macho ya kuona mbali, ayala ana pua na masikio. Chui milia akijongea, kima hukohoa kwa ukali kutoka juu, na ayala hulia sauti moja kali iliyokatika, mkia umesimama, mguu wa mbele ukipiga ardhi. Yeyote atakayemgundua kwanza amewaokoa wote wawili.

Lakini si kila kilio ni cha kuaminiwa. Chital ni mwoga. Hulia akiona mbweha, hulia akiona chui wa kawaida, na mara nyingine wenzake wachanga huwa wameshtuka bure. Ayala mdogo abwekaye kama mbwa naye ni mwepesi wa wasiwasi. Walakini yumo ayala mkubwa wa rangi ya udongo, aitwaye sambar, mwenye kimo karibu na cha farasi, naye si mtu wa maneno mengi. Akitoa ile sauti yake nzito iliyo kama honi, na akairudia, viongozi wote hugeuza vichwa. Ndipo hutazama anatazama wapi. Kilio kimoja hakitoshi. Hungoja cha pili. Ikiwa chital amelia kwanza kando ya mto, na baada ya dakika chache kima amekohoa mbele zaidi, basi mnyama anatembea, na vilio vile viwili vimechora njia yake. Kiongozi hakimbizi gari kuelekea kwenye sauti. Hulipeleka mbele, mahali ambapo njia hiyo itakata barabara, akasimama hapo na kungoja kimya. Siku nyingine majani hufunguka, na mnyama hutoka pole pole bila kumtazama mtu, huvuka, na huingia upande wa pili. Yote huchukua muda wa kuhesabu ishirini.

Kwa bahati mbaya elimu hiyo huharibiwa mara kwa mara na haraka ya wageni. Habari ikienea kwamba chui milia yuko mahali fulani, magari kumi hukusanyika na kuziba njia aliyotaka kupita. Jike lenye watoto lililozuiwa kuvuka hurudi nyuma, na huenda watoto wakabaki upande mmoja na mama upande mwingine. Kiongozi hulipwa na mgeni, na mgeni hutaka picha. Yataka moyo kumwambia mtu aliyetoka mbali kwamba gari litarudi nyuma hatua mia.

Sababu ya mbuga kuwa kubwa yaweza kueleweka kwa hesabu nyepesi. Chui milia mmoja hutaka mnyama mkubwa mmoja kwa juma, yaani kiasi cha ayala 50 kwa mwaka. Kundi la ayala haliwezi kutoa zaidi ya sehemu moja ya kumi kila mwaka bila kupungua. Kwa hiyo nyuma ya chui milia mmoja lazima wawepo ayala 500 walio hai, na nyuma ya ayala hao lazima yawepo majani na maji ya mwaka mzima. Hifadhi yote ya Corbett ina kilomita za mraba 1,288 hivi, na katika hesabu ya mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa na chui milia 260, wengi kuliko hifadhi nyingine yoyote ya India. Msomaji azidishe mwenyewe.

Majani hayo hayakupatikana bure. Katika miaka ya 1970 boma kubwa la maji lilijengwa Kalagarh kwa ajili ya umeme na kilimo cha nchi ya chini, na maji ya Ramganga yakafunika sehemu kubwa ya malisho bora ya bondeni. Baadaye, katika miaka ya 1990, watu wa vijiji vya upande wa kusini, kama vile Jhirna, walihamishwa wakapewa ardhi kwingine. Mahali palipokuwa mashamba yao leo ni majani marefu, na mahali ambapo ng'ombe wao walinyweshwa ayala hushuka jioni kunywa. Mgeni apitaye kwa gari huona mbuga nzuri tu; hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na kijiji ila ameelezwa.

Yafaa sasa ielezwe jinsi chui milia walivyokaribia kwisha. Waliwindwa na Maharaja na mabwana wa Kizungu kwa miaka mingi, wakahesabiwa kwa ngozi zao. Misitu yao ikakatwa kwa kilimo. Hesabu ya mwaka 1972 ilitoa 1,827 tu kwa nchi nzima. Mwaka huo Serikali ya India ilitunga sheria kali ya kulinda wanyama, na tarehe 1 Aprili 1973 mpango wa kuwaokoa chui milia ulizinduliwa hapo hapo Dhikala, ukianza na hifadhi tisa.

Kwa miaka thelathini habari zilikuwa njema, lakini njia ya kuhesabu ilikuwa na kasoro. Askari walichora nyayo juu ya kioo na karatasi, wakadhani kila wayo wenye umbo la tofauti ni mnyama wa tofauti. Wayo mmoja uliokanyaga mchangani na matopeni uliweza kuhesabiwa mara mbili. Mwaka 2005 ikathibitika kwamba katika hifadhi ya Sariska, huko Rajasthan, ambayo katika karatasi ilikuwa na chui milia wake, hakubaki hata mmoja. Wawindaji wa siri walikuwa wamekwisha kuwamaliza kwa ajili ya ngozi na mifupa. Ilibidi mwaka 2008 waletwe wengine kutoka Ranthambhore. Tangu hapo hutumika kamera zifungwazo mitini, mbili kwa mbili zikitazamana, ili mnyama apigwe picha ubavu wa kulia na wa kushoto. Ni ule uzi wa Champion uliorudi kwa namna mpya. Milia ndiyo cheti chake: asiyefanana na yeyote katika daftari ni mgeni, na asiyeonekana tena huulizwa yuko wapi. Kwa njia hiyo hesabu ya mwaka 2006 ilishuka mpaka 1,411, jambo lililowashtua watu. Na ile ya mwaka 2022 ikapanda mpaka 3,682.

Kuongezeka huko kuna gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na mgeni wala na Delhi peke yake. Kando ya mbuga kuna vijiji, na katika vijiji hivyo wanawake huingia msituni kukata majani ya nyati na kuokota kuni. Mtu aliyeinama akikata majani si mrefu kuliko ayala. Kijana wa chui milia aliyefukuzwa na dume lenye eneo hutoka nje ya mipaka kutafuta mahali pake, na humo ndimo hukutana na watu na mifugo. Vijiji vya upande wa Ramnagar vimezika watu, na zaidi ya mara moja wenyeji wamefunga barabara wakidai mnyama aliyeua akamatwe. Serikali hulipa fidia kwa mtu aliyeuawa na kwa ng'ombe. Lakini fidia ikichelewa, hatari ni kubwa, kwa kuwa chui milia ana desturi ya kurudi kwenye mzoga usiku wa pili, na mwenye ng'ombe aliyekasirika anajua hivyo. Sumu kidogo katika mzoga huo humwua mama na watoto wake wote kwa usiku mmoja. Ng'ombe aliyelipiwa siku ile ile ni ulinzi mkubwa kuliko bunduki nyingi.

Corbett aliyafahamu mambo hayo kwa sababu naye alikuwa mkulima. Katika kijiji chake cha Chhoti Haldwani alijenga ukuta wa mawe kuzunguka mashamba, ili nguruwe mwitu na ayala wasile mazao ya watu wake. Ukuta huo ungaliko. Siku hizi vijana wengi wa vijiji vya kandokando wamekuwa viongozi, madereva na wapishi wa wageni, na nyumba zao hutegemea mnyama yule yule anayewatisha ng'ombe wa jirani. Si kila nyumba iliyopata sehemu katika faida hiyo, na manung'uniko ya waliokosa ni ya haki. Tena faida yenyewe imekuwa jaribu. Miti mingi ilikatwa Pakhro, ndani ya hifadhi, ili patengenezwe uwanja uliozungushiwa ua, wageni wapate kuwaona chui milia bila taabu ya kungoja. Na mwezi wa Machi 2024 Mahakama ya Juu ya India ililaani vikali jambo hilo.

Katikati ya mwezi wa Juni pepo za kusi, zile zile ambazo zamani zilivusha majahazi kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki mpaka Bara Hindi, huleta mvua kubwa juu ya vilima vya Kumaon. Mito mikavu hujaa kwa saa moja, barabara huchukuliwa na maji, na lango la Dhikala hufungwa mpaka mwezi wa Novemba. Wageni huenda zao. Askari wa misitu hubaki. Hiyo ndiyo miezi ipendwayo na wawindaji wa siri, kwa kuwa magari hayapiti na majani yamefunika nyayo, kwa hiyo doria hufanywa kwa miguu na juu ya tembo, watu wachache wakilala katika vibanda vya mbali, ruba miguuni, chakula chao wamekichukua mgongoni. Mvua zikiisha hutengeneza madaraja ya magogo, hufyeka njia, na hufungua daftari la kamera ili waone ni nani aliyeongezeka na ni nani asiyeonekana.